Mama Aliposema "Shuka"

Mama yangu alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 76, alfajiri moja ya masika, alipokuwa akiinama kuchukua birika la maji ya kutawadhia. Upande wote wa kulia ulipooza, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba kwa majuma mengi hakuweza kutoa zaidi ya neno moja kwa wakati, na pengine neno lenyewe lilitoka silo alilolikusudia. Baada ya siku 11 za hospitali tulimrejesha nyumbani kwake Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ile ile aliyotulelea, na tangu siku hiyo mimi, wifi yangu na binti anayetusaidia kazi za nyumbani tukawa mikono yake.

Siku za mwanzo tulimwogesha uani. Tuliweka kiti cha plastiki chenye mikono karibu na bomba, tukamkalisha, tukamvua gauni, na kwa kuwa sote watatu ni wanawake na mlango wa uani ulikuwa umefungwa, hatukuona kwamba kuna jambo la kufikiria zaidi ya maji yasiwe ya baridi na kiti kisiteleze. Kila siku, mara tu gauni lilipotoka mwilini, Mama alisema neno moja: "Shuka." Tulidhani anaomba kushushwa kitini, labda mgongo unamuuma, kwa hiyo tulifanya haraka ili tumrudishe kitandani, na kadiri tulivyoharakisha ndivyo alivyozidi kulitaja. "Shuka. Shuka!" Siku moja alilia. Hakikuwa kilio cha sauti, ni machozi tu yaliyochanganyika na maji ya kuoga, nami nikamwambia kwa sauti ile ambayo mtu humbembelezea mtoto mchanga, "Haya basi, tunamaliza, usilie."

Aliyetufumbua macho ni shoga yake wa tangu usichana. Alikuja asubuhi moja kumjulia hali, akatukuta katikati ya kazi hiyo, akalisikia neno lile mara moja tu. Hakutuuliza kitu. Aliingia chumbani, akarudi na shuka jeupe alilolibandua kitandani, akamfunika Mama kuanzia mabegani hadi chini ya magoti. Mama akanyamaza, akafumba macho. Ndipo yule bibi alipotugeukia na kutuambia bila ukali wowote: "Mama yenu ameosha maiti wa mtaa huu miaka 30, na hakuna hata mmoja aliyemwacha wazi."

Wasioijua kazi ya kuosha maiti kwa taratibu za Kiislamu huenda wasiupate uzito wa maneno yale. Maiti hufunikwa nguo kwanza, kisha nguo alizokuwa amevaa huvuliwa chini ya kifuniko hicho. Mwoshaji hupitisha mkono chini ya nguo, na kwa sehemu za siri hujifunga kitambaa mkononi ili kiganja kitupu kisiguse. Mwanamke huoshwa na wanawake. Huanzwa upande wa kulia, maji ya mwisho hutiwa kafuri, na lolote ambalo macho ya mwoshaji yameliona katika mwili ule, liwe kovu, kasoro au alama ya ugonjwa, hubaki kifuani mwake na halisimuliwi barazani. Neno linalokusanya yote hayo ni sitara. Waswahili husema mwosha huoshwa, na maisha yangu yote niliusikia msemo huo kama ukumbusho wa kifo; sikuwahi kudhani kwamba unaweza kumhusu mtu aliye hai, anayeona na kusikia, anayeoshwa na binti yake mwenyewe. Maiti asiyejua lolote tunamsitiri, na mama yetu, aliyekuwa akijua kila kitu, tulikuwa tumemweka uani kama alivyozaliwa kwa sababu tuna haraka ya kuwahi kazini.

Tangu siku ile tunamwogesha kwa shuka. Gauni huvuliwa likiwa tayari limefunikwa, kwanza mkono wa kushoto wenye nguvu, kisha ule uliopooza. Wakati wa kuvaa huwa kinyume chake, mkono uliopooza hutangulia, kwa sababu ndio usioweza kujikunja, na ukiuacha mwisho utalazimika kuuvuta mpaka bega limuume. Maji tunampa kwanza ayapime kwa mkono wake mzima, naye hutikisa kichwa au huitikia. Uso anajiosha mwenyewe. Kifua na tumbo anajiosha mwenyewe kwa kitambaa tulichokitia sabuni, polepole sana, na sisi tunasubiri. Tunafunua sehemu moja tu kwa wakati, tunaiosha, tunaikausha, tunaifunika, ndipo tunakwenda nyingine. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika 15 sasa huchukua karibu dakika 40, na sioni njia ya kuifupisha bila kumpokonya kitu fulani. Tulibadilisha jambo jingine pia: hatuingii tena watatu. Anaingia mmoja, anayemchagua yeye, na mwingine hukaa nje ya pazia akisubiri kuitwa kama kuna haja ya kumnyanyua.

Nimekuwa nikitafakari kwa nini watu wazima watatu, tena tunaompenda, hatukuliona jambo lililo wazi namna ile. Nadhani chanzo ni ule usemi unaorudiwa katika kila nyumba yenye mgonjwa mkongwe, kwamba mzee hurudia utoto. Husemwa kwa huruma, na wanaousema hawana nia mbaya, lakini mimi nimefika mahali pa kuukataa kabisa. Mtoto wa mwaka mmoja hajui aibu. Anavuliwa nguo mbele ya wageni akicheka. Mzee anaijua aibu vizuri kuliko sisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha. Mtoto anayelishwa leo kesho atashika kijiko, na kila hatua yake hushangiliwa. Mzee anayelishwa anakumbuka vizuri kabisa siku alizokuwa akipika pilau ya watu 100 kwa sufuria tatu na kuni za mikoko. Ukimwita mtoto wakati anajua kwamba yeye si mtoto, unamfukuza kutoka katika maisha yake yote ya nyuma, na yeye hana tena ulimi wa kukujibu.

Katika hali ya Mama kosa hilo lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa wake ulichukua usemi na kuacha akili. Upande wa kushoto wa ubongo, ambao huongoza mkono na mguu wa kulia, ndio pia, kwa watu walio wengi, wenye makao ya lugha. Ndiyo maana wengi wanaopooza upande wa kulia hupotewa na maneno, na kati yao wapo wanaoendelea kuelewa karibu yote yanayosemwa mbele yao. Mtu wa namna hiyo hukaa katikati ya mazungumzo yanayomhusu kama mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo. Anasikia mnavyojadili choo chake. Anasikia mnavyohesabu gharama zake. Anasikia mnavyoulizana kama atafika Ramadhani.

Wageni ndio walionifunza hilo zaidi. Kwetu hakuna mtu anayempita mzee njiani bila kumwamkia, na Mama alikuwa akipokea shikamoo nyingi kutoka mlangoni kwake mpaka sokoni. Alipolala kitandani, shikamoo zilikatika. Watu waliingia chumbani, wakasimama miguuni pa kitanda, wakanigeukia mimi: "Anaendeleaje? Anakula? Analala?" Mama alikuwa akiwatazama. Walikuwa na huzuni ya kweli, wengine waliacha pesa chini ya mto, lakini hawakumwamkia, kana kwamba salamu ni haki ya anayeweza kuijibu haraka. Siku hizi mgeni akiingia na kuniuliza mimi, namjibu kwa upole, "Mwamkie kwanza, yeye mwenyewe atakwambia." Anamwamkia. Kisha kunakuwa na kimya kirefu kinachowatia watu wasiwasi, wanaanza kunitazama niwaokoe, nami nakataa kuwaokoa. Midomo ya Mama inatafuta, inajaribu, inaacha, inarudi, na mwishowe inatoka "marahaba", iliyopinda lakini kamili. Nimeona wanaume wazima wakitokwa machozi waliposikia neno hilo.

Kliniki nako ni vilevile. Siitaji hospitali tuliyokuwa tukihudhuria, kwa sababu wahudumu wake walikuwa wachache, wagonjwa ni wengi, na mambo ninayoyasema yanatokea mahali pengi. Lipo dirisha la wazee, na kwa kweli linasaidia. Mzee hasimami foleni pamoja na vijana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na kuanzia hapo yametokea mambo mema, likiwamo la matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Hata hivyo, siku tuliyokwenda kuangaliwa kidonda kilichokuwa kikianza nyongani, Mama alifunuliwa gauni katika chumba chenye vitanda vinne na watu waliokuwa wakipita na faili mikononi, na pazia lilikuwapo, limefungwa fundo ukutani. Niliinuka, nikalifungua lile fundo, nikalivuta. Muuguzi aliniomba radhi, na ninaamini alimaanisha. Pazia lilikuwa halijavutwa kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba mwanamke mkongwe asiyesema bado anajali nani anamwona.

Daktari naye aliniuliza mimi maswali yote. Nilipomwomba amuulize Mama maswali ya kujibika kwa ndiyo au hapana, alikubali bila kinyongo, akavuta kiti, akakaa akitazamana naye, na katika dakika tano tukajua jambo ambalo mimi, niliyekuwa nikimjibia kwa miezi mitatu, sikulijua: kwamba maumivu makubwa hayakuwa ya nyonga bali ya bega, na kwamba yalitokana na sisi kumnyanyua kwa kumshika kwapani. Sasa tunamnyanyua kwa kumkumbatia kiunoni, magoti yetu yakiwa yamekunjwa, tukimhesabia moja, mbili, tatu ili ajue wakati wa kusukuma kwa mguu wake mzima.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwaka 1991 kanuni 18 kuhusu watu wazee, uliziweka katika mafungu matano, na mojawapo ni utu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, nayo inataja haki ya wazee kuishi kwa utu na heshima, na kutunzwa ipasavyo na jamaa zao na Serikali. Ninafurahi kwamba maandishi hayo yapo. Lakini sheria haiwezi kuingia uani kwetu saa 12 asubuhi kuangalia kama shuka lipo, na ndiyo sababu ninayaandika haya kwa watu walio katika nyumba zenye kitanda kama hiki.

Kuna suala la fedha, ambalo huwa tunaliona dogo. Mama hajawahi kutembea bila pesa katika pindo la kanga yake. Fundo lile lilikuwa benki ya wajukuu, sadaka ya Ijumaa, nauli ya jirani aliyefiwa. Alipougua tulilifungua, tukaingiza fedha zake zote, pamoja na kodi ya chumba kimoja anachokipangisha, katika daftari la matumizi ninaloliweka mimi. Kwa hesabu ni jambo jema, kwa kuwa dawa za shinikizo la damu hazikosekani. Ila nilimwona zaidi ya mara moja mkono wake wa kushoto ukipapasa pindo la kanga na kukuta hakuna kitu. Sasa kila Alhamisi namfungia humo shilingi 5,000 za noti ndogondogo, na siulizi zimekwendaje. Anamwashiria mjukuu, anaitoa noti kwa vidole viwili, anamkabidhi. Zanzibar walipoanza Aprili 2016 kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, niliwasikia watu wakisema kwamba fedha hiyo ni kidogo, haitoshi hata chakula. Huenda haitoshi, lakini naijua thamani ya mzee kuwa na cha kutoa, kwa sababu nimeuona uso wa Mama anapotoa.

Chakula kilitupa mgogoro wa aina nyingine. Baada ya kiharusi koo lake lilidhoofu, na majimaji mepesi kama maji na chai ndiyo yanayopotea njia upesi na kumpalia, kuliko uji mzito. Tulifundishwa kumkalisha wima kabisa, tumpe kidogokidogo, tusimzungumzishe akiwa na chakula mdomoni, na tumwache akae nusu saa kabla ya kumlaza. Hayo tunayafuata. Kosa letu lilikuwa kuponda wali, samaki na mchicha pamoja mpaka ukapatikana ujiuji wa rangi ya udongo. Aligeuza uso. Tukasema hana hamu ya kula. Wifi yangu, ambaye ana subira kuliko mimi, ndiye aliyesema tuponde kila kitu peke yake na tukipange sahanini, wali upande wake, samaki wa nazi upande wake, mboga upande wake, ili ajue anakula nini na aonyeshe anaanza na kipi. Alikula. Huanza na samaki kila siku.

Hofu yetu wakati mwingine ndiyo inayomdhulumu. Yeye hutaka kukaa barazani alasiri, kama alivyokaa miaka yote, na sisi tuliona hatari tupu: ataanguka, upepo utamwingia, watu watamwona mdomo umepinda. Ile sababu ya mwisho ndiyo iliyoniaibisha nilipojiuliza ni aibu ya nani tuliyokuwa tukiificha, yake au yetu. Tulitafuta kiti kizito chenye mikono na mgongo mrefu, tukakiegemeza ukutani, tukamwekea mito ubavuni, na baada ya sala ya alasiri Mama hutoka akiwa amevaa dira safi na mtandio, amepakwa wanja kama anavyopenda, akatazama barabara. Usiku bado tunamgeuza kila baada ya saa mbili ili nyonga, kiuno na visigino visipate vidonda, na hata hapo nimejifunza kumwita kwanza, "Mama, nakugeuza," badala ya kumshtua na mikono gizani.

Lazima niandike na hili. Usiku mmoja, baada ya kumbadilisha mara ya tatu, nilimfokea. Nilisema maneno ambayo mama hapaswi kuambiwa na mtoto wake. Asubuhi niliketi sakafuni kando ya kitanda nikamwomba radhi, naye aliweka mkono wake wa kushoto kichwani pangu, akauacha hapo. Nilijua siku hiyo kwamba sitara ya mgonjwa haiwezi kulindwa na mtu mmoja aliyechoka, hata awe na mapenzi kiasi gani. Kaka zangu walikuwa wakituma pesa kwa simu na kuhesabu kwamba wametimiza wajibu. Kumwosha mama yao hawawezi, na hakuna anayewataka wafanye hivyo. Tuliitisha kikao cha familia, Mama akiwapo. Sasa kaka mkubwa hulala hapa usiku wa Ijumaa na Jumamosi ili amgeuze na ampe dawa, wifi akiwa karibu kwa yale yasiyomfaa mwanamume. Humkata kucha, humpaka mafuta ya nazi miguuni, na humsomea Yasini. Mimi hulala nyumbani kwangu siku hizo mbili.

Kikao hicho hicho ndicho kilichopitisha kwamba hakuna anayempiga Mama picha akiwa kitandani. Mmoja wa wajukuu alikuwa ametuma picha yake katika kundi la WhatsApp la ukoo, kichwa wazi, mdomo wazi, na maneno "tumwombee Bibi", na kabla ya magharibi ilikuwa imefika Muscat na Mombasa. Mtoto yule alitaka dua. Nilimwita, nikamwonyesha ile picha, kisha nikamwonyesha picha ya Bibi yake iliyo ukutani, nikamwachia achague mwenyewe ni ipi angependa watu wamwombee kwayo. Aliifuta huku analia.

Mwezi uliopita alifariki mama mmoja wa mtaa wa pili. Mapema asubuhi walikuja wanawake watatu, vijana kidogo, kuazima sanduku la Mama la vifaa vya kuoshea, lenye mikasi, pamba, kafuri na mashuka yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Waliniuliza mimi kama wanaweza kulichukua. Nikawaambia sanduku lina mwenyewe. Waliingia, wakaketi chini, wakamwamkia mmoja mmoja, wakasubiri kila marahaba ifike. Mama aliwaonyesha chini ya kitanda. Walipolivuta na kulifungua, mdogo wao, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza, aliuliza kwa sauti ya chini sanda ya mwanamke ni vipande vingapi, akiwauliza wenzake. Mama akagonga ukingo wa kitanda mpaka wote wakageuka, akainua mkono wake wa kushoto, akavitandaza vidole vyote vitano. Kisha akaliashiria shuka moja jeupe lililokuwa juu kabisa sandukuni, na hakuegemea tena mto wake mpaka alipomwona yule binti amelikunjua na kulipima kwa mikono kama linafika magotini.